Kina Mwinshehe

Sikuzani alikuwa jirani yangu, na kwa miaka mitatu hakuna aliyejua amwite nani. Mke wa mtu hakuwa, kwa sababu mume hakuonekana. Mtalaka hakuwa, kwa sababu hakuna aliyempa talaka. Mjane naye hakuwa, kwa sababu hapakuwa na kaburi. Watu wa kwetu wakikosa neno la kumwita mtu humkwepa tu, na ndivyo walivyomfanyia. Msibani hakujua akae na akina nani, na harusini akina mama walijifanya wamesahau kumwalika. Mimi nilikasirika kuliko yeye. Yeye alinyamaza, nami nikawa nagombana na watu kwa niaba yake, hadi mume wangu Elia akaniambia nimekuwa wakili asiyelipwa.

Tulitenganishwa na ua wa mabua tu. Baba yangu aliletwa kutoka Songea kukata mkonge, akafia hapahapa, akaniachia jina la Hildegarda na msalaba wa ukutani. Watu wa Sikuzani walikuwapo hapa bondeni kabla mkonge haujaletwa, Waislamu wa zamani, watu wa mpunga na mahindi. Aliolewa na Mwinshehe, kijana wa hukuhuku, aliyefanya kazi kwenye korona, ile mashine inayokwangua jani la mkonge hadi zibaki nyuzi. Mwinshehe alikuwa na mikono iliyojaa makovu na sauti ya chini sana. Ukimsikia anaongea na mkewe jioni ungedhani wanapanga kuiba kitu.

Ikaja miaka ya ruksa. Maduka ya Kilosa yalijaa sabuni za kila rangi, mitumba ikamwagwa chini kwenye maturubai, na kila mtu akaambiwa afanye biashara yake. Shamba letu la mkonge ndilo lililofanya biashara ya kufa. Korona ilizimwa, wafanyakazi wakaambiwa warudi makwao, na wengi wetu tulikuwa tumezaliwa palepale, tukabaki tunatazamana. Mwinshehe hakulalamika. Alichonga mtumbwi, akaanza kuvua perege na kambale katika Bwawa la Mgiriki, bwawa kubwa lililochimbwa zamani na mwenye shamba wa kwanza. Samaki aliwafunga kwenye baiskeli akawapeleka mnadani Ulaya, kijiji cha jirani.

Masika moja alitoka jioni kwenda kutega nyavu. Mvua ilinyesha kama iliyotumwa, na asubuhi hapakuwa na mtu wala mtumbwi. Maji yalikuwa yamefurika, yamepita juu ya tuta na kumwagikia mtoni. Wanaume walichokoa bwawa kwa fito ndefu, wakateremka na mto hadi mbali, wakarudi mikono mitupu. Wengi tulisema amekufa. Sikuzani alikuwa tayari amekaa chini, ameinamisha kichwa, anangoja wakubwa waseme neno.

Hapo ndipo Yeremia alipofungua mdomo wake. Yeremia alikuwa utingo wa lori, mtu wa kupita njia kuu kila wiki, na watu wa namna hiyo huwa hawakosi habari. Alisema amemwona Mwinshehe pale Mikumi, njia panda, anapanda lori la kwenda Tunduma. Alimwona kwa macho yake mawili. Kofia ileile, mwendo uleule. Na nani angebisha? Kila wiki mwanamume mmoja wa kwetu alikuwa anapotea hivyohivyo: huyu kaenda Mererani kuchimba, yule kaenda Kariakoo kutembeza shati begani, mwingine kavuka mpaka. Mwanamume kumwacha mke na watoto akatafute maisha lilikuwa jambo la kawaida kuliko kufa maji.

Mama yake Mwinshehe, Bi Doto, alichinja jogoo. Sitasahau furaha ya yule mama. Alipita nyumba kwa nyumba akisema mwanangu yu hai, mwanangu kaenda kutafuta. Tangu siku ile kila lori lililosimama Ulaya kupakia mahindi, alilifuata akamtuma dereva salamu za Tunduma. "Mwambie mama hajambo. Mwambie asione aibu, arudi hivyohivyo alivyo." Madereva waliitikia kwa adabu, wakaondoka.

Sikuzani yeye hakuamini. Alikwenda kwa shehe wetu akaomba akalishwe eda. Kwao mwanamke aliyefiwa na mume hukaa ndani miezi minne na siku kumi, nguo nyeupe, hajipambi, hatoki ovyo, na wenzake huja kukaa naye hadi siku atakapotolewa. Mimi ni Mkristo, lakini nilielewa alichokuwa anaomba. Aliomba aruhusiwe kulia. Bi Doto akaja juu: "Unataka kumzika mwanangu mzima?" Shehe si mtu mbaya, ila alikuwa katikati ya wanawake wawili na ushahidi wa utingo. Akasema hakuna yakini, mwanangu, subiri.

Basi akasubiri. Mmoja anaomba mtoto wake awe hai hata kama ni mhuni aliyewatupa wote, na mwingine anaomba mume wake awe mwaminifu hata kama ni maiti. Wote wawili walikuwa wanampenda mtu mmoja, na kwa ajili hiyo walikuwa hawasalimiani vizuri.

Mwaka wa tatu, kiangazi, akaja Magreth.

Magreth alikuwa mtoto wa Mamboya, kule milimani, binti wa mwalimu wa misheni, aliyesoma mpaka akawa mtafiti wa mambo ya bahari huko pwani. Mtaalamu wa bahari na Kilosa wapi na wapi, nilimuuliza hivyohivyo. Akacheka, akanieleza vizuri bila kuniringia. Walikuwa wanataka kujua sakafu ya bahari ilivyo pale samaki wanapozalia, wapi pana majani, wapi mchanga, wapi mawe. Vyombo vya kazi hiyo bei yake ni nyumba na shamba lake. Yeye rafiki yake mzungu alikuwa amemletea kifaa kidogo kinachouzwa madukani kwa watu wa kawaida, cha kutafutia samaki.

"Kimetoka wapi?" Elia akauliza.

"Kimetoka Ulaya, kaka."

"Ulaya hii yetu ya mnadani?"

Tulicheka sana. Magreth akasema huko wanakokiuza watu hukinunua wakaenda kuvua kwa kujifurahisha, na samaki wengine huwarudisha majini. Jambo hilo lilimshinda Elia. Mpaka leo hajalikubali.

Kifaa chenyewe kilikuwa na ukubwa wa redio, kina kioo cha kijivu, kinakula umeme wa betri ya gari. Waya ulitoka hapo ukaenda kwenye kitu cheusi cha kulingana na ngumi, kilichofungwa kwenye ufito na kuzamishwa pembeni mwa mtumbwi. Kile cheusi kinapiga sauti ambayo sikio la mtu haliisikii. Sauti inashuka, inagonga chini, inarudi, na kioo kinachora mstari. Magreth hakukiamini bado. Baharini kuna mawimbi na mikondo, akasema, kifaa kikikudanganya huwezi kujua. Alitaka maji yaliyotulia, ashushe kamba yenye jiwe, alinganishe kamba na mashine, ajue kama mashine inasema kweli. Akakumbuka bwawa la utotoni mwake, akaja. Akamkodi Elia na mtumbwi wake.

Asubuhi ya kwanza tulikuwa ukingoni tunafua, mimi na Sikuzani na akina mama wengine. Elia alikuwa anasukuma kwa pondo, Magreth ameinamia kioo chake, na watu wawili watatu wamesimama majini wanamuuliza maswali kwa kelele. Mmoja akauliza hicho kidude kinafanya nini. Magreth akainua kichwa, akajibu kwa sauti ya mwalimu:

"Kinatusomea kina!"

Sasa, mtu wa pwani asingeshtuka. Lakini huku kwetu bara maji tunasema yana urefu, urefu wa kwenda chini. Kina cha maji nilikisoma shule ya msingi nikakiacha hukohuko darasani. Ukisema kina, sisi tunangoja jina: kina Elia, kina Bi Doto, kina fulani na wenzake. Sikuzani alikuwa ameshika shuka lake. Akalitupa. Akaingia majini mpaka magotini, na sauti iliyomtoka sikuwahi kuisikia kwake.

"Kina nani?"

Magreth hakusikia vizuri. Akaweka mkono sikioni.

"Nauliza, kinawasoma na kina Mwinshehe?"

Yule binti akageuka kumtazama Elia, kisha akatazama upande wa pili wa bwawa, kama mtu anayetafuta mahali. Akajibu kwa uchangamfu:

"Tutafika, mama! Leo tunapima upande huu. Kesho tutafika huko kwa Mwinshehe!"

Alidhani ni jina la sehemu ya bwawa. Alinieleza mwenyewe baadaye, machozi yanamlengalenga. Alidhani wavuvi wamepaita hivyo, Kina Mwinshehe, pale maji yalipo marefu zaidi. Na siku hizi wanapaita hivyo kweli.

Elia alikuwa ameduwaa na pondo mkononi. Alielewa kilichosemwa pande zote mbili, na hakujua aanze kumsahihisha nani. Kabla hajaamua, Sikuzani alikwishapanda ukingoni, ameacha nguo, ameacha ndoo, anakwenda nyumbani anakimbia. Nilimfuata. Nilimkuta anafagia nyumba. Alifagia chini ya kitanda, akafagia uwanja, akatoa mkeka akaupiga vumbi. "Mama Thadeo," akaniambia, "kesho wanafika kwake. Mtaalamu kasema." Ningeweza kumweleza palepale, maana nilikuwa nimeanza kukumbuka kile kina cha shuleni. Lakini uso wake ulikuwa umefunguka, na sikupata neno la kuufunga.

Habari haikungoja kesho. Kufika jioni kata nzima ilijua kwamba kuna mashine inayosoma majina ya waliozama. Wengine waliongeza kwamba inatoa na picha.

Asubuhi ukingo ulikuwa umejaa watu kama mnada. Magreth alipofika akadhani wamekuja kushangaa, akaanza kutabasamu, na ndipo Elia alipomvuta pembeni akamweleza. Nilimwona anavyobadilika. Akaja moja kwa moja kwa Sikuzani, akapiga magoti mchangani na suruali yake ile ya kitaalamu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Mama, nisamehe. Sikukuelewa. Hiki hakijui watu. Kinajua pana umbali gani kwenda chini, na kama chini ni kugumu au ni laini. Samaki kinamwona kama alama tu. Jina hakilijui hata moja."

Sikuzani akakitazama kile kifaa. Kisha akasema, "Kigumu kinakijua?"

"Kigumu kinakijua."

"Mtumbwi si kigumu?"

Magreth akasimama, akampa mkono wa kumpandisha mtumbwini.

Bi Doto alikuwapo. Alikuja na fimbo yake, akasukuma watu, akasimama mbele ya mtumbwi. Nilidhani ataleta vurugu, nikajiandaa kumjibu, maana nilikuwa na miaka mitatu ya maneno. Lakini hakupiga kelele. Alisema, "Tafuteni. Hamtamkuta. Mwanangu yuko Tunduma." Halafu akakaa chini palepale, kanga imemteleza begani, ile fimbo mapajani. Moyo uliniuma. Maneno yangu yote yakaisha.

Nilipanda na mimi. Nilisema nakwenda kwa sababu Sikuzani hajui kuogelea, na Elia akaniuliza mimi nimejua lini. Tukasukuma.

Kama hujawahi kukitazama kile kioo, ni kitu cha kuchosha. Mstari wa chini unatambaa, mnene, sawa kabisa, maana bwawa lilikuwa limejaa tope la miaka. Juu ya mstari zinatokea alama ndogo zilizopinda, mfano wa nyusi. Kila nyusi ilipotokea Sikuzani alinyoosha kidole.

"Huyu nani?"

"Samaki, mama."

"Na huyu?"

"Samaki."

Magreth alijibu kila mara kwa upole uleule, hakuchoka. Elia alitupeleka pale ambapo Mwinshehe alikuwa anapenda kutega, karibu na mibuyu miwili iliyokufia majini, halafu akaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, kama mtu anayelima matuta. Jua likapanda. Watu ukingoni wakaanza kupungua, wenye mashamba wakaenda mashambani. Mara ule mstari ukainuka. Ukapanda, ukawa mweusi tii, ukaenda hivyo kidogo, ukashuka tena kwenye tope.

"Rudi," Magreth akasema.

Elia akarudi. Ukainuka tena palepale. Magreth akashusha kamba yake yenye jiwe, akahesabu mafundo kimoyomoyo, akatazama kioo. Kamba na mashine vilikubaliana. Ndicho alichokuja kukitafuta kutoka pwani, na nilimwona hana furaha nacho hata chembe.

"Inaweza kuwa kisiki," akasema. "Mama, nakuomba usi... inaweza kuwa kisiki tu."

Tulikuwa tumeazima ile ndoana ya kuopolea ndoo zilizozama kisimani, chuma chenye meno manne. Elia akaishusha, akaiburuta, ikapita patupu. Akaishusha tena. Mara ya tatu ikashika. Alivuta mpaka mtumbwi wetu ukainama, nikashika ukingo nikamwita Mama Maria. Kikaanza kupanda kitu kizito, kinapanda polepole. Kilipofika juu kilikuwa wavu, mweusi kwa tope, umejisokota kama kamba, na kwenye ukingo wake yananing'inia maboya.

Wavuvi wengine wanafunga makopo au vipande vya boya la dukani. Haya yalikuwa yamekatwa kwenye ndala. Elia alilisuuza moja kwa kidole gumba, likatoka la bluu. Lililofuata lilikuwa la bluu vilevile.

Sikuzani akanyoosha mkono akalishika. "Ndala zangu hizi," akasema. "Alikata ndala zangu. Nilimgombeza siku mbili." Akalibana lile boya shavuni, na tope, na maji, hadi tulipofika nchi kavu.

Wanaume walipiga mbizi, wakafunga kamba, wakavuta. Mtumbwi ulikuwa umelala ubavu. Wavu ulikuwa umeushika, na wavu ulikuwa umemshika na yeye. Sitaeleza zaidi. Kilichobaki kilitosha kufungwa sanda, na mkanda wa kazini kwenye korona, wenye bizimu la shaba, ulikuwa bado umefungwa. Walimletea Bi Doto lile bizimu alitazame. Alilipangusa kwa ncha ya kanga, akaligeuza, akalipangusa tena, mpaka tukaogopa.

"Nimemtumia salamu," akasema. "Miaka yote hii namtumia salamu."

Yeremia alikuja mazikoni. Alisimama nyuma kabisa. Nilimfuata, nikamwambia, "Yeremia, wewe ulimwona nani Mikumi?" Akatazama chini akasema labda alimfananisha. Labda! Nilitamani kumpiga, na ningempiga, ila shehe alikuwa ameanza kusoma dua.

Magreth alikaa na sisi hadi kaburi likafukiwa. Alipokuwa anafunga kifaa chake ndani ya shuka, aliniuliza kama Sikuzani atamchukia. Nikamwambia hapana, dada, umempa alichokuwa anakiomba. Niliamini hivyo. Akapanda basi la Kilosa na betri yake miguuni.

Sikuzani naye aliamini hivyo. Siku ileile ya mazishi, tulipotoka makaburini, aliniomba nimtolee sandukuni vipande viwili vya bafta nyeupe. Kumbe alikuwa amevinunua zamani akavificha. Tukamwogesha, akavaa, akakaa kwenye ule mkeka alioupiga vumbi, uso ukutani. Alikuwa ametulia. Nilifikiri, haya basi, sasa atalia vizuri, na mwisho wake watu watamwita kwa jina lake.

Na Bi Doto ndiye aliyekwenda mwenyewe kumwita shehe. Aliingia naye ndani akasema mbele yetu wote, "Shehe, nilimzuia mkwe wangu. Nilikosa. Leo namtaka akae eda kama inavyotakiwa, na nitamhudumia mimi mwenyewe. Nitampikia, nitamwogesha. Mwambie aanze." Hakuna jicho lililobaki kavu mle ndani. Hata mimi, mwenye hasira zangu, nilimshika yule mama mkono.

Shehe alisimama mlangoni, tasbihi mkononi. Hakukaa. Alijikohoza mara mbili.

"Bi Doto," akasema, "eda ya kufiwa haianzi siku ya kupata habari. Inahesabiwa tangu siku aliyokufa mume."

Hatukuelewa. Bi Doto akasema, "Ndiyo, na amekufa. Tumemzika sasa hivi."

"Amekufa masika ile. Miezi minne na siku kumi ilikwisha mwaka uleule." Akamgeukia Sikuzani, akainama kidogo ili amwone usoni. Alikuwa na huruma, naapa alikuwa na huruma. "Mwanangu, eda yako ilikwisha zamani. Hudaiwi kitu. Uko huru tangu wakati ule."

"Lakini sikuikaa," Sikuzani akasema.

"Imehesabiwa kwamba umeikaa."

"Sikujua."

"Hata kama hukujua, mwanangu. Ndivyo sheria ilivyo, ni nafuu aliyotupa Mungu. Vua nguo hizo, fanya shughuli zako, na akitokea mtu wa heri, uolewe."

Akaomba dua fupi akatoka. Wenzetu mle ndani walitazamana. Wawili watatu wakaanza kujifunga kanga vizuri, maana kama hakuna eda basi hakuna wa kukaa naye, na nyumbani kuna mambo. Sikuwalaumu, ingawa niliwalaumu. Tukabaki watatu, mimi na Bi Doto na yeye na nguo zake nyeupe. Bi Doto akasema tukae tu, hata kama siyo eda, nani atatukataza kukaa. Nami nikasema ndiyo, tukae. Nilisema na mengine, nafikiri. Nilisema Mungu anajua nia yako, nilisema amepumzika, nilisema kila kitu ambacho watu husema.

Sikuzani alikuwa hatusikii. Alikuwa anahesabu kwa vidole, midomo inacheza. Alihesabu tangu masika ile, mwezi baada ya mwezi, kisha akarudia kana kwamba hajaridhika na jibu. Mwishowe akanigeukia, na nikaona kwamba ule utulivu umekwisha.

"Mama Thadeo, hiyo miezi ya eda, si ndiyo miezi ile Yeremia aliyotuletea habari?"

"Ndiyo," nikasema. "Lakini wewe hukuamini."

"Mbele za watu sikuamini. Nikiwa peke yangu niliamini." Alikuwa ananong'ona. "Nilikuwa nikienda shambani nikiwa peke yangu, namtukana. Kila siku nilimtukana. Mbwa wewe, nilikuwa namwambia, umekula jasho langu ukakimbia. Nilimwombea ajali ya lori. Nikichoka kumtukana ndipo nalima."

Bi Doto akafunika mdomo kwa mkono.

"Naye yuko pale," Sikuzani akasema. "Yuko pale majini, amefungwa na ndala zangu, na eda yake inahesabiwa. Matusi yale ndiyo eda niliyomkalia."

Nilisogea nikamkumbatia, na Bi Doto akamshika kwa upande wa pili. Alilia hadi ile bafta ikalowa kifuani, na hatukumvua.